Kidole Kimoja Kila Upande

Masika ya mwaka huu mlango wa jikoni kwangu umegoma tena. Unausukuma, unafika nusu, unalalamika, kisha unasimama palepale kama mgeni asiyetaka kuaga. Nikamwita kijana fundi wa hapahapa Rusimbi. Akaja na randa yake ndani ya gunia, akauegemeza mlango ukutani, akaivuta randa mara moja tu juu ya ukingo wake. Ukatoka utepe mrefu wa ubao, mbichi, uliojikunja bila kukatika, na harufu ya mvule uliolowa ikanifikia pale nilipokaa nachambua dagaa. Nilisimama ghafla, ungo ukaanguka, dagaa wakamwagika.

"Acha," nikamwambia. "Usiurande. Subiri kiangazi."

"Lakini Bibi, haufungi."

"Usifunge. Utakaa wazi mpaka mvua ziishe."

Akakusanya vitu vyake, na najua alikokwenda alisema kwamba yule mwalimu mstaafu sasa akili zimeanza kumtoka. Aseme. Nyinyi nitawaeleza, maana mna nafasi ya kusikiliza, na yeye alikuwa na bajaji inamngoja.

Nilizaliwa Ujiji, karibu na ufuko, katika nyumba ambayo ua wake ulikuwa karakana. Baba yangu, Fundi Ramadhani, alitengeneza mitumbwi ya mbao, ile mikubwa ya wavuvi wa dagaa. Alivuka ziwa kutoka ng'ambo, Kongo, akiwa mgongoni kwa mama yake, yaani Bibi yangu, ambaye mpaka anakufa alisema Kiswahili cha kwao. Nyumba nzima ilinuka mbao na mawese. Mawese tuliyala, tulijipaka miguuni wakati wa kiangazi, na Baba alichovya pamba ndani yake akaisokomeza katika nyufa za mitumbwi kwa patasi butu mpaka maji yakakosa pa kupita. Mafundi huiita kazi hiyo kalafati, na kwa kalafati Baba alikuwa na jina ufukoni kote.

Nami nilikuwa na kazi yangu katika ua ule, na naomba muishike vizuri. Kwetu mtumbwi mpya haushushwi ziwani ukiwa mkavu. Siku tatu nne kabla, humwagiwa maji ndani, asubuhi na jioni, yakakaa humo yakatulia. Kazi hiyo ilikuwa ya mtoto wa fundi, na mtoto wa fundi nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na kopo la bati lenye mkono wa waya ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulishika. Nilipomuuliza Bibi kwa nini tunafanya hivyo, alinijibu mara moja tu, na hakupenda kurudia: "Muti iko na kiu kama mutu. Ukiipeleka na kiu yake, itakunywa ziwa na weye ukiwa ndani." Jibu hilo lilinitosha. Nilidhani mbao zinafurahi.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Redio ilitutangazia asubuhi, mwalimu akaturudia mchana, na jioni balozi wetu wa nyumba kumi alipita na daftari akiandika nani abaki mjini na nani aende. Abaki mwenye kazi inayotambulika. Mvuvi wa ushirika alibaki, kuli wa bandarini alibaki, karani alibaki bila kuulizwa. Baba, ambaye sikuwahi kumwona asubuhi bila tezo mkononi, aliandikwa hana kazi, kwa kuwa hakuwa na mwajiri wala karatasi. Tulipangiwa kijiji kipya kule juu, kupita Mwandiga, ambako hata ukipanda mti mrefu kuliko yote ziwa hulioni. Fundi mitumbwi akalime mihogo. Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilichoelewa ni kimoja tu, kwamba Bibi alikuwa analia jikoni na kusingizia moshi.

Ndipo akaja Bwana Afya. Alikuwa ofisa wa afya aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, mtu mrefu, msafi, ambaye viatu vyake havikushika mchanga kama vya watu wengine. Alikuwa na pikapu ya Serikali, dereva, na nesi mmoja, Nesi Felista, aliyezunguka vijijini kuchanja watoto na kulala kwenye madarasa pamoja na mbuzi. Bwana Afya alitaka kibanda cha mbao cha kupakiwa nyuma ya ile pikapu: kiwe na kitanda cha nesi, rafu za dawa, dirisha dogo na mlango, kisha ziara ikiisha kishushwe, gari likafanye kazi nyingine. Mafundi wa mjini walikuwa wamemwambia hakuna kitu kama hicho. Baba akamwambia kipo, ila hakijatengenezwa.

"Lakini sitaki kicheze," Bwana Afya akasema. "Njia zile unazijua. Kikicheza, chupa zinagongana, na dawa imekwenda. Kikae palepale, Ndugu Ramadhani. Kikikaa barabara, naandika barua. Unaingia karakana ya Mkoa, na jina lako linatoka kwenye daftari la kuhama."

Basi hilo ndilo lililokuwa juu ya kile kibanda. Kikikaa, tunabaki na ziwa letu. Kisipokaa, mihogo.

Baba aliipima bodi ya pikapu kwa kamba yake ya mafundo, kwa kuwa futi za chuma hakuziamini. Akapima mbele, akapima kati, akapima nyuma, kisha akarudia, na akarudia tena. Aliniita nione. Akaweka kidole chake cha shahada kati ya fundo na ubavu wa bati. "Kidole kimoja huku," akasema, akazunguka, "na kidole kimoja huku. Hapo hakichezi na hakibani." Nikatia changu. Akacheka, akasema kidole changu hakihesabiki, ni kijiti cha kiberiti.

Alikijenga kwa mwezi mzima, na alikijenga kwa namna pekee aliyoijua. Sakafu aliipanga mbao za mvule kwa urefu, ubao ukibana ubao, akaitia kalafati ya pamba na mawese ingawa hakuna aliyemwambia. Kwa mazoea ya mkono, sehemu ya mbele akaipunguza kidogo, kama mtumbwi unavyonywea kuelekea usoni. Bibi alikizunguka, akakitazama juu na chini, akasema huo ni mtumbwi uliovaa kofia.

Mama hakuwapo siku hizo. Alikuwa amekwenda kwao, Gungu, kujifungua mdogo wangu. Alhamisi Baba naye akaenda Kigoma mjini kuchongewa ndoano za chuma za kukifungia kibanda, na kungoja sahihi ya mtu ambaye hakuwa ofisini. Angerudi Jumatatu, ndani ya hiyo pikapu, kuja kupakia. Alikifunika kibanda kwa majamvi, akaniambia watoto wa jirani wasichezee humo. Hakuniambia neno jingine lolote, namshuhudia.

Jioni ile Bibi alikaa mlangoni akiangalia ziwa. "Huko yulu wanasema maji ya kisima," akaniambia. "Mimi sijalala hata siku moja pasipo kusikia maji ikipiga. Nitalala namna gani?" Moyo uliniuma mpaka nikakosa hamu ya ugali, na mimi sikuwa mtoto wa kukosa hamu ya ugali. Nikajiuliza mimi, mtu wa miaka minane, naweza kusaidia nini ili kile kibanda kikae. Nilikuwa najua kazi moja tu duniani.

Nikachukua kopo langu.

Nilimwagia maji Alhamisi jioni. Nikamwagia Ijumaa asubuhi na jioni, na Jumamosi, na Jumapili. Kibanda kilikuwa na kizingiti, kwa hiyo maji yalikaa sakafuni kama kwenye karai, na asubuhi niliyakuta yananingojea, nikaongeza. Bibi aliniona siku ya pili nikipita na kopo. Akachungulia ndani, akapiga ulimi kwa kuridhika. "Vizuri, mutoto. Hii nayo iko na kiu." Jumatatu alfajiri nikayachota yote, kama inavyofanywa kwa mtumbwi siku ya kushushwa, nikaifuta sakafu kwa kipande cha kanga mpaka ikang'aa. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama asubuhi ile.

Saa tatu pikapu ikaingia uani. Dereva alikuwa Bukuru, Muha wa Mwandiga, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko injini. Bwana Afya alikaa kando yake, na nyuma walikuwamo Baba na Nesi Felista, nesi amekumbatia sanduku la chanjo lililofika kwa treni likiwa limejazwa barafu. Wanaume wa ufukoni walikuwa wamekwisha kuja, maana Baba aliwaita kama anavyowaita kushusha mtumbwi. Kibanda kilikuwa juu ya magogo mawili marefu, kimo sawasawa na bodi ya pikapu, na chini yake zilipitishwa fito zilizopakwa mawese ili kiteleze. Kazi ya Bukuru ilikuwa kurudisha gari nyuma mpaka bodi iguse ncha za magogo. Watu ishirini wakawa madereva. Huyu kulia, huyu kushoto, huyu simama.

"Oya!" Bukuru akafoka kutoka dirishani. "Nyamazeni nyote! Gari hili linanisikia mimi." Kisha akajiambia mwenyewe, polepole kama anayembembeleza ng'ombe, "Buhoro, buhoro, buhoro," na bodi ikagusa magogo bila hata kutikisika.

"Harambee!"

"Hee!"

Kibanda kikaanza kutembea. Pua yake iliyopunguzwa ikaingia kati ya mbavu mbili za bati vizuri kabisa, ikaenda mkono mmoja, ikaenda mikono miwili, na wanawake wakaanza vigelegele. Halafu kukatoka mlio, krrr, kama paka anayekwaruza debe, na kibanda kikasimama. Wakasukuma tena. Sasa ikasogea pikapu yenyewe, na breki imekazwa. Kilikuwa kimeingia theluthi na kimekaa kama mfupa kooni, hakiendi wala hakirudi.

Bwana Afya akainama akatazama upande mmoja, akazunguka akatazama upande wa pili. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata unywele.

"Ndugu Ramadhani, ulipima?"

"Nilipima, Bwana."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Bwana Afya akauliza kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Kuna mtu amekichezea? Maana hii ni mali ya Serikali, na kuiharibu mali ya Serikali kuna jina lake." Siku zile hata sisi watoto tulilijua jina hilo. Tulilisikia redioni, hujuma, hujuma, na wakubwa walipolitamka walitazama nyuma yao.

Baba akapanda akaingia ndani ya kibanda. Mimi nikakimbilia kwenye lile dirisha dogo. Nilimwona akipiga magoti. Akaweka kiganja chake sakafuni, akakiacha hapo kwa muda, kama mama anayepima homa. Akakinusa. Kisha akainua macho, na macho yake yakakutana na yangu dirishani. Nikamchekea. Nilikuwa nangoja anisifu.

Alitoka, akasimama mbele ya Bwana Afya, mikono nyuma. "Nimekosea kipimo, Bwana. Kosa ni langu. Hakuna mtu aliyekigusa."

"Ramazani," Bibi akasema, "lakini mutoto ali—"

"Mama," Baba akamkatiza, na hajawahi kumkatiza, "tafadhali."

Bibi akaufunika mdomo kwa upindo wa kanga.

Hapo ndipo mambo yaliponivuruga kichwa, na yaliendelea kunivuruga kwa miaka. Nilikuwepo alipopima. Kidole kilipita huku, kikapita huku. Na ile kamba alikuwa nayo, ncha yake yenye mafundo ilikuwa inaning'inia mfukoni mwake mbele ya watu wote. Kwa nini hakuitoa akapima hadharani? Baba alikuwa mtu wa kugombana wiki nzima kwa ajili ya unene wa msumari, na leo anasema kosa ni langu kwa upole kama mtu anayesalimia.

"Nipe siku nne tu," akamwomba Bwana Afya. "Siku nne, kitaingia."

"Siku nne utafanya nini?"

Baba hakujibu. Nesi Felista alikuwa amesimama na sanduku lake, na tone moja moja la barafu lilidondoka mchangani karibu na miguu yake. "Haitafika siku nne," nesi akasema. "Haitafika hata kesho. Na wale kina mama wameambiwa leo." Baba akalitazama lile sanduku, akatazama mchanga uliolowa, nadhani akamkumbuka na Mama kule Gungu. Akaingia ndani ya nyumba akatoka na randa.

Wanaume wakakivuta kibanda nje kwa kamba. Baba akairanda sakafu pembezoni pamoja na fremu, kulia na kushoto, jua likimpiga utosini, na maranda yakatoka marefu, mabichi, yakijikunja bila kukatika. Harufu yake ndiyo iliyonimwagia dagaa juzi. Alifanya kazi bila kuinua kichwa mpaka adhuhuri. Kisha harambee, hee, na kibanda kikateleza mpaka ndani, kikakaa. Bwana Afya akatia kidole upande huu, akatia upande ule, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akampa Baba mkono. "Barua utaipata gari likirudi."

Watu walishangilia. Bukuru alipiga honi mpaka kuku wakapanda paa. Mtu mmoja tu hakushangilia, naye ni mwenye kazi. Alisimama ameshika randa, akaitazama pikapu mpaka ikaishia kwenye kona, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika. Nilimshika mkono, nikamwuliza, "Baba, si kimeingia?" Akasema, "Kimeingia, mwanangu." Nikazidi kutoelewa.

Jioni nikakusanya maranda, nikampelekea Bibi awashie moto, kama kawaida yangu. Hayakuwaka. Maranda ya Baba ambayo siku zote yaliruka moto ukiyaonyesha tu kiberiti, siku hiyo yalitoa moshi, yakanyauka, yakazimika. Bibi aliyaweka kando akachukua kuni, na hakugombeza.

Kulikuwa na mtumbwi wa jirani uani unaongoja kushushwa wiki ile. Sikuugusa siku nzima. Sijui kwa nini, hakuna aliyenikataza. Magharibi ilipokaribia Baba akaniita. Alikuwa amelishika kopo langu, lile lisiloguswa na mtu, na alikuwa amekwisha kulitekea maji mwenyewe, limejaa mpaka ukingoni. "Leo hujaumwagia mtumbwi," akasema. "Una kiu." Akanipa. Nikaenda nikimwaga njiani kwa furaha, na yeye alisimama akinitazama mpaka nikamaliza.

Wiki mbili baadaye pikapu ilirudi, na ilisikika kabla haijaonekana. Kibanda kilikuwa kinapiga ngoma. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nesi Felista alishuka amefunga bega kwa kitambaa, maana kwenye mteremko mmoja kibanda kilihama akiwa ndani, akagonga rafu. Chupa nyingi zilikuwa zimevunjika. Bwana Afya alitia vidole kwenye nafasi ile, kimoja, viwili, vitatu, upande mmoja tu, na bado kulikuwa na mwanga. Nilikiangalia kibanda kwa woga. Kilikuwa kikubwa, kikawa sawa, sasa kimekuwa kidogo. Niliwahi kuona mtoto akikonda hivyo, walisema amerogwa. Nikaamini kuna mtu ametuloga.

"Ndugu Ramadhani," Bwana Afya akasema, na naweza kusema kweli kwamba alisikitika, "mara kikubwa, mara kidogo. Nitamwambiaje mtu wa karakana kwamba huyu ni fundi?"

Baba akasema anaelewa. Akachonga kabari nne za mbao, akazigongelea pembeni, kibanda kikatulia, na kwa kabari hizo kikafanya kazi miaka mingi. Lakini barua haikuandikwa. Mwezi uliofuata lori likaja likachukua masanduku yetu, vifaa vya Baba, Mama na kichanga chake, na Bibi akiwa amepakata mtungi mdogo wa maji ya ziwa ambao hakuruhusu mtu amsaidie kuubeba. Tezo la mitumbwi Baba alilifunga kwenye gunia, na kwa miaka yote ya kule sikuliona likifunguliwa.

Sitaki kusema uongo kwamba kijiji kilikuwa kibaya tu. Shule ilikuwa hatua hamsini kutoka mlangoni, na kama si shule ile nisingekuwa mwalimu, ningekuwa naanika dagaa mpaka leo. Lakini Bibi hakuzoea. Usiku alilala macho wazi akisikiliza, na hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Alikaa mwaka mmoja na miezi, kisha akatutoka, na alizikwa mahali ambapo upepo wa ziwa haufiki. Sijui kama ni kiu ile iliyomuua. Alikuwa mzee. Lakini mpaka leo nikiamka usiku, kitu cha kwanza ninachofanya ni kusikiliza kama mawimbi yapo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja pikapu ilipofika kijijini kwetu kuchanja watoto. Ilikuwa katikati ya masika, matope mpaka magotini. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu kwenye foleni, na Baba akaja kumsalimia Bukuru. Hawakuwa wameonana tangu tuhame.

"Fundi, hiki kibanda chako kina shetani gani?" Bukuru akasema, akipiga teke lile gurudumu. "Kiangazi kabari zinaanguka barabarani, naziokota. Masika hazitoki hata kwa nyundo. Kinapumua!"

Baba akacheka. "Hakina shetani. Mbao ikinywa maji inanenepa. Ikikauka inakonda. Ile siku tunapakia ilikuwa imekunywa, nami nikairanda ikiwa imenenepa. Ilipokauka ikawa ndogo. Nilijua."

"Ulijua?"

"Ningekuwa fundi gani kama sijui?"

"Sasa ilikunywa wapi, kiangazi kile? Mvua ilikuwa haijaonja ardhi miezi miwili."

Baba hakugeuka nyuma kuangalia foleni, ingawa alijua nimesimama pale. "Umande," akasema. "Umande wa ziwa ni mwingi."

Bukuru alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Umande gani huo wa kunenepesha ubao vidole viwili? Mimi sikucheka. Mdogo wangu aliniteleza mgongoni, nikamvuta juu, na kila kitu kikaja kwa mpigo: kiganja sakafuni, kamba mfukoni, siku nne ambazo hakuzieleza, maranda yaliyokataa moto, kanga mdomoni mwa Bibi. Na lile kopo alilolijaza mwenyewe jioni ile ile, akalitia mkononi mwangu, ili nisijue kamwe mkono huo umefanya nini. Niliona aibu. Nesi aliponiuliza jina la mtoto, nililisahau.

Sikumwambia. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaanzaje? Nilikwenda chuo, nikafundisha, nikaolewa, nikamrudisha Baba na Mama mjini nilipoweza, na bado sikumwambia. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, yeye ameketi hapa Rusimbi kwenye kiti chake cha kamba, nilipokaa chini miguuni pake nikamweleza yote, Alhamisi mpaka Jumatatu, nikilia kama kichanga. Nikamwambia, "Baba, nilikuhamisha ziwani mimi. Bibi nilimzika mimi."

Aliniacha nimalize. Alikuwa na tabia ya kusugua kidole cha shahada kwa kidole gumba, kama anayepima unene wa kitu, na alifanya hivyo kwa muda mrefu. Nilidhani ataniambia ameshanisamehe, au atasema ni kudra ya Mungu, maneno ya wazee. Hakusema hata moja.

"Siku zote nne," akauliza, "maji yalikaa humo ndani?"

"Yalikaa, Baba."

"Usiku kucha? Kalafati haikuvujisha?"

"Hata tone."

Akaegemea nyuma ya kiti, na uso wake ukafunguka taratibu, uso wa fundi wa mitumbwi ambao nilikuwa sijauona tangu nikiwa na miaka minane. "Hata tone," akarudia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniambia niinuke nikapike, jua linakuchwa na yeye ana njaa.